Bufee ya futari ya elfu 45: chakula kitamu, ila ilivyopangwa lazima uvimbiwe

Jina la hoteli silitaji, mara ya kwanza ofisi ndo ililipa na kazi bado naitaka. Ila ni hoteli ya mjini kati hapa Dar, futari iko ghorofa ya tano, lifti inagoma goma, na kila Ramadhani wanatundika bango kubwa: futari bufee, kula utakavyo, elfu 45 kwa kichwa, watoto chini ya miaka kumi nusu bei. Ramadhani ya 2025 nilienda mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nashika ukuta, mara ya pili nikatoka natembea vizuri tu na tarawehe nikawahi, na chakula ni kilekile, bei ileile, mpaka weita ni yuleyule. Kwa hiyo hii siandiki kwa kusikia.

Tuanze na sifa maana wanastahili. Wanajua kupika jamani. Tambi hazijagandana, kaimati ndogondogo zimekolea shira ya hiliki, sambusa ukiuma unakutana na nyama kweli sio vitunguu vimejibana humo ndani, mihogo ya nazi inameguka yenyewe, ndizi mzuzu za nazi, magimbi, viazi vitamu, maharage, mkate wa kumimina, chapati, pilau ya ng'ombe, biriani ya kuku, mishikaki inachomwa palepale unaona, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, kachumbari, matunda, af huko mwisho kabisa meza ya keki na halua na kahawa chungu. Bajia nimezisahau. Na katlesi. Mi kwetu Tanga, samaki wa kupaka najua anavyotakiwa awe, na hawa walipatia, ile nazi imekaukia juu ya samaki na ukwaju unausikia kwa mbali. Kwa samaki peke yake wangenipa mchele mweupe kidogo nikae kona nisisumbuliwe ningelipa elfu 20 bila kunung'unika.

Sasa shida iko wapi. Shida ni kwamba pale pamepangwa, sijui kwa makusudi sijui kwa mazoea, mtu aliyefunga ale vibaya.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa tarehe 7 Machi, watu 14 wa ofisini. Nianze na kosa langu kabisa lisije likasemwa na mwingine: siku hiyo sikula daku. Usiku nilikunywa maji nikasema nitaamka saa kumi, nimeshtuka adhana ya alfajiri inalia. Mchana lile joto la Dar la mwezi wa tatu ambalo hata shati linakuchukia, mkutano juu ya mkutano, saa tisa kichwa kinagonga. Saa kumi na mbili kasoro robo tumeshakaa mezani na adhana ya magharibi ni saa kumi na mbili na nusu na dakika kadhaa. Yaani dakika 50 mtu hujala tangu jana usiku umekaa mita mbili kutoka kwenye pweza.

Hapo ndo balaa linapoanzia. Kwanza yale mavyombo makubwa yanafunuliwa saa kumi na mbili na robo, kabla ya adhana, eti watu wachukue mapema kupunguza foleni. Wazo zuri kwenye karatasi. Sasa mtu mwenye njaa ya saa kumi na tatu mpe sahani kubwa kama sinia uone atafanya nini. Mi nilijaza mlima. Mihogo miwili mikubwa, ndizi, tambi, juu yake sambusa tatu, pembeni kaimati kama nane hivi, chapati nimeikunja nikaiegesha, af nikarudi mezani nikaweka simu nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, mama akajibu "hiyo ya wangapi?" Nikacheka. Ile sahani nilikuwa nimeijaza kwa njaa ya macho, tumbo lenyewe lilikuwa bado halijaulizwa.

Pili, foleni yenyewe ilivyokaa. Ukishika sahani unaanza na vya kukaanga, unakuja mihogo na magimbi na viazi, unakuja tambi, chapati, mkate, pilau, biriani. Samaki, pweza, mishikaki, mchicha na kachumbari viko mwisho kule dirishani. Ukifika kwa samaki sahani imejaa na mkono unatetemeka, unachukua kipande kama cha kuonja. Mi sio mtoto, biashara naielewa, muhogo ni bei rahisi kuliko pweza, ukishibishwa muhogo pweza anabaki. Ila mnaoenda mjue hilo. Elfu 45 yako watu wengi wanailia muhogo na ngano.

Tatu, na hili ndo liliniudhi kuliko yote, maji yanauzwa. Naomba nirudie. Mtu amefunga kutwa, joto lile, juisi ziko mezani kwenye majagi, pasheni, ukwaju, tende na maziwa, parachichi, jagi likiisha weita analeta lingine bure, soda nazo bure, lakini maji ya chupa elfu mbili kila chupa na hayaingii kwenye ile 45. Niliuliza mara mbili nikidhani sijasikia. Yule kaka akasema, "Samahani dada, vinywaji vya bufee ni juisi na soda, maji ni pembeni." Hela ilikuwa ya ofisi na mhasibu kashasema hakuna nyongeza, basi meza nzima ikanywa juisi kwa kiu. Na juisi za pale zina sukari ya kuongeza, ile ya ukwaju ilinibana meno. Soda ya kola chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, yaani vijiko vya chai karibu nane, na Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikikaa chini ya gramu 25 hivi kwa siku ndo bora zaidi. Sasa mtu na kiu ya kutwa hanywi glasi moja. Mi nilikunywa pasheni glasi mbili, tende na maziwa moja, af soda na pilau maana pilau bila soda mjini hapa wanakuona mshamba. Kiu haikukata. Sukari inaleta kiu nyingine juu ya ile uliyokuwa nayo, unaongeza jagi, tumbo linajaa maji matamu na chakula ndo kwanza kinaanza.

Aliyekunywa maji meza ile alikuwa mmoja tu, dada yetu wa mapokezi, yeye Mkristo na alikuwa kwenye Kwaresma. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, sisi tulianza kufunga tarehe 2, kwa hiyo ofisi yetu mwezi ule ilikuwa kimya jikoni kama kuna msiba. Yeye alikuwa amejinyima soda na vitamu mpaka Pasaka, na ilikuwa Ijumaa hivyo nyama hagusi. Akatoa elfu mbili yake akanunua maji, akaenda moja kwa moja kule dirishani akachukua samaki, pweza, mchicha, wali kidogo. Sisi tunamcheka, wengine wanamwonea huruma, "dada mbona umelipiwa, kula." Saa mbili usiku yeye alikuwa anapiga stori na sisi tumelala kwenye viti kama samaki wa mnadani Feri. Na ukihesabu kwa bei za sokoni huyo ndo aliyekula hela nyingi kuliko wote.

Nne, sala. Pale wana chumba cha kuswalia, kiko ghorofa ya juu, kidogo, wanaingia watu kama ishirini kwa kubanana. Nyumbani utaratibu tunaujua wote, unafungua kwa tende na maji, ukipenda uji kidogo, unasimama unaswali magharibi, ukirudi ndo unakula. Ile robo saa ya sala inafanya kazi kubwa kuliko tunavyoipa sifa, maana tumbo likipata kitu linachukua kama dakika ishirini ndo kichwa kinapata habari kwamba kimeingia chakula. Ukirudi mezani ile njaa ya kishetani imeshapoa, unachukua cha kutosha. Sasa pale hotelini watu hawaendi kuswali kwanza kwa sababu wanaogopa mishikaki itaisha. Na kweli inaisha! Nimeona kwa macho yangu, saa moja kamili sinia la mishikaki jeupe na waliotoka kuswali wanaangaliana. Ikabidi wasubiri dakika kama 25 ndo ikaja mingine. Watu wakishajua hilo mara moja, kesho yake nani ataenda kuswali mapema? Wanakula kwanza, mbio, hawatafuni, magharibi wanaiswali dakika za majeruhi na tumbo limebana, ukienda kwenye rukuu unasikia juisi ya pasheni inataka kurudi. Samahani kwa wanaokula sasa hivi.

Halafu kuna hili la bei lenyewe. Ukishaambiwa kula utakavyo na umelipa elfu 45, hata kama hujalipa wewe, kichwani kuna kimashine kinahesabu. Sahani ya kwanza nilishiba nikiwa nusu yake. Nilijua kabisa nimeshiba. Ila jirani yangu wa uhasibu, mwanaume mzima ana ndevu, ananiambia, "Dada, umekula ya elfu kumi tu mpaka sasa." Nikanyanyuka. Sahani ya pili nikaenda kwenye biriani. Kufika kwenye meza ya keki nilikuwa nakula kwa wajibu, kama mtu anamalizia zamu. Hakuna kufungasha, wameandika ukutani kabisa, chakula hakitoki nje, sheria ya bufee nyingi tu hiyo siwalaumu, lakini inakufanya ukimalize hapohapo ulichojaza, kuacha chakula kwenye sahani mwezi wa Ramadhani nayo ni aibu. Kwa hiyo umejibana pande zote mbili, hukibebi na hukiachi.

Nikwambie usiku ulivyokuwa. Tarawehe sikwenda. Nimefika nyumbani saa tatu, kiungulia mpaka kooni, nimelala nusu nimekaa kwenye mito mitatu, saa saba usiku kiu, nimekunywa maji lita nzima, nimeenda msalani mara nne. Saa kumi mume wangu ananiamsha daku, nitie wapi? Nikakataa. Sikula daku tena, kwa hiyo Jumamosi saa nane mchana niko hoi naota mihogo, jioni nikala vibaya tena nyumbani kwangu mwenyewe bila kualikwa na mtu. Ndo ikawa mzunguko wa wiki nzima, unavimbiwa jioni, unaruka daku, unashinda na njaa ya ajabu, unavimbiwa tena. Sikukuu ikafika gauni la Idi lililoshonwa Shaabani limegoma kufunga zipu mgongoni, fundi akaniambia mwezi huu wanawake wote mnarudi na tatizo moja.

Sasa mara ya pili.

Kumi la pili mama alikuja kutoka Tanga kunisalimia, mume wangu akasema tumpeleke mama futari ya hotelini akaone. Mi moyoni nikasema yaleyale, ila nikawa nataka kumwonyesha yule samaki. Tukaenda watatu, mtoto wa nne. Siku hiyo daku nilikula, mama hana mchezo na daku, saa kumi kamili kashawasha taa: wali uliolala na maharage, ndizi mbivu, maji glasi mbili taratibu. Hakuna samaki wa chumvi daku, anakwambia huyo atakudai maji mpaka jioni. Chai nayo kikombe kimoja tu, sio chupa nzima.

Tumefika, vyombo vikafunuliwa saa kumi na mbili na robo kama kawaida, watu wakainuka, mimi nikainuka. Mama akanishika mkono. "Kaa chini mwanangu. Adhana bado, unakimbilia wapi?" Nikamwambia mama foleni itakuwa ndefu. Akasema, "Na chakula watapika kingi, si ndo kazi waliyoajiriwa?" Tukakaa. Yaani kukaa pale huku watu wanapita na milima ya mihogo ni jihadi nyingine.

Af mama akafanya kitu ambacho mimi siku ya kwanza hata sikukiona. Akamwita weita, yule yule kaka, akamwamkia "Shikamoo bibi", mama akaitikia marahaba, akamuuliza, "Baba, hapa uji hamna?" Kumbe upo! Uji wa ngano na uji wa pilipili manga, wameuweka kwenye birika kubwa nyuma ya mlango wa kuingilia, karibu na makoti ya mvua na kiti cha mtoto, hakuna bango hakuna nini. Tende ziko hapohapo. Yule kaka akaleta bakuli nne na tende sahani moja, na mama akamwambia mume wangu anunue maji makubwa mawili tugawane. Mume wangu akauliza bei, sura ikabadilika, akalipa.

Adhana ikalia. Tende tatu, maji, uji wa pilipili manga bakuli dogo. Uji ule nausifia hapa rasmi, umepikwa vizuri, sukari kidogo, hiliki na pilipili manga inakuwasha koo taratibu mpaka jasho linatoka puani, sielewi kwa nini kitu kizuri hivyo kimefichwa nyuma ya mlango huku juisi ya sukari imekaa katikati ya meza kama bwana harusi. Tukapanda kuswali. Chumba kilikuwa na nafasi! Si nimewaambia, watu wako kwenye mishikaki.

Tulivyorudi ilikuwa saa moja kasoro kidogo. Foleni hamna. Mama akachukua sahani, sio ile kubwa, akachukua ya matunda, ndogo, halafu akaanzia mwisho wa meza kurudi nyuma, kule dirishani. Samaki, pweza, mchicha, kachumbari, akija kufika kwenye mihogo nafasi imebaki ya kipande kimoja, akachukua kimoja. Kaimati mbili. Akakaa akala kwa mkono, polepole, anaongea habari za shamba la minazi na jirani aliyeuza ng'ombe. Mimi nikafuata nyayo zake, na ile sahani ndogo ukijaza inaonekana imejaa kweli, jicho linaridhika. Nikashiba. Nikaangalia saa, saa moja na dakika ishirini, na sijisikii vibaya popote. Mishikaki ilikuwa imeisha kweli, tukasubiri, ikaja ya moto, nikala miwili. Nilitaka kwenda kuongeza biriani kwa ile akili ya elfu 45, mama akaniangalia tu. Hata hakusema. Mnajua lile jicho.

Kahawa tukanywa, kikombe kidogo na kipande cha halua, tukaondoka saa mbili kasoro, isha na tarawehe tukaziwahi msikiti wa jirani na nyumbani. Usiku nimelala kama mtu. Kwenye gari mama alitoa maoni yake, akasema chakula kizuri, uji mzuri, "ila hela hiyo mngenipa mkononi." Mume wangu akawa bize na usukani.

Kwa hiyo nikiulizwa kama niende nisiende. Upishi nawapa juu kabisa, samaki na uji hawana mpinzani, usafi vizuri, vyombo safi, vyoo safi mpaka saa mbili, baada ya saa mbili sitasema. Weita wanajitahidi, wengine wamefunga na wao na wanakuhudumia bila kununa, huyo kaka alifungua kwa tende moja amesimama na trei ya sahani mkononi, nikamwonea huruma. Mpangilio ndo unawaangusha vibaya. Waweke maji bure mezani kabla ya juisi, hata ya jagi yaliyochujwa, gharama yake ni nini kwa hoteli kama ile. Uji na tende viende katikati. Vyombo visifunuliwe mpaka adhana, na mishikaki na pweza wagawe nusu watunzie walioko kwenye sala, watangaze kabisa kwamba mkirudi mtakikuta, watu watatulia. Nilimwandikia hayo meneja kwenye kile kikaratasi cha maoni. Alinijibu kwa meseji kwamba wanashukuru na wananikaribisha tena na ofa ya watu kumi mmoja bure. Sawa.

Na wateja wenzangu na sisi tujiangalie, maana nyumbani kwetu nako hakuna meneja lakini tunafanya yaleyale. Unaenda sokoni saa kumi jioni umefunga, unanunua kila unachokiona, magimbi ya kulisha kijiji, vimekaangwa vyote, af usiku mnasukumiana kumalizia. Wiki ina mialiko minne ya futari na kila unakoenda mwenye nyumba anakuongezea, ukisema nimeshiba anasema hujapenda chakula changu. Tambi zimekaangwa kwa mafuta zikatiwa sukari na nazi, tunazilia pamoja na chapati iliyokaangwa na kaimati iliyokaangwa ikachovywa shira, na juu yake juisi, af tunashangaa usingizi unatoka wapi. Ile hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi masheikh wanaisoma kila mwaka, tunaitikia vizuri sana, adhana ikilia theluthi ya pumzi ndo ya kwanza kupokonywa. Na mimi ni wa kwanza kwenye hilo nisijitoe.

Kwa kulinganisha tu, maana rivyu bila kulinganisha ni sifa, kumi la mwisho nilianza kufuturu Magomeni kwa mama mmoja ana kibanda cha mabati pembeni ya barabara, mabenchi mawili na meza ya plastiki, siku nikichelewa kazini. Hana bango. Ukikaa unapewa tende mbili na kikombe cha maji, bure, hujaagiza. Uji wa pilipili manga shilingi mia tano. Adhana ikilia anazima jiko, anasema ngoja niswali, wanaotaka wanaingia uani kwake kuna mikeka, wasiotaka wanakaa wanangoja, chakula hakipakuliwi mpaka arudi, hata uwe nani. Nimemuona kijana wa bodaboda anamwomba, "Mama nipakulie basi nina abiria," akamjibu yuko kwenye kutia udhu, "Abiria naye si anafuturu, mwache." Akirudi anapakua kwa mkono wake, sahani elfu tatu: muhogo au ndizi ya nazi, hutapewa vyote, maharage, kipande cha samaki au nyama, mchicha. Ukitaka cha kuongeza anakuuliza kwanza, "Umeshiba au unataka tu?" Swali hilo sijawahi kuulizwa hotelini.

Kasoro za pale zipo. Vumbi la barabara, mbu baada ya saa moja, sehemu ya kunawa ni ndoo moja na sabuni ya kipande, na samaki wake hamfikii yule wa ghorofa ya tano hata robo, anamkaanga mno anakuwa mkavu. Kuegesha gari hakuna, utaliacha mbali utembee. Siku ya mvua usiende kabisa, maji yanapita chini ya benchi unafuturu miguu imeinuliwa.

Ramadhani inayokuja hotelini nitaenda mara moja tu kumfuata samaki, nikiwa nimekula daku, na maji yangu yapo kwenye mkoba, watanisamehe. Siku zingine nitakuwa Magomeni. Nilimuuliza yule mama kama naweza kumpigia simu aniwekee uji nikichelewa, akasema hawekei mtu, sufuria ikiisha imeisha, niwahi saa kumi na mbili na robo kama wenzangu.